Sadaka ya Damu Safi

Ami alikuwa akiweka tambuu shavu la kushoto. Nililijua hilo kabla sijajua jambo jingine lolote juu yake, kwa sababu siku ya kwanza niliposimama mbele ya duka lake kuomba kazi alinijibu kwa upande mmoja wa mdomo, nikadhani ananidharau. Kumbe alikuwa na jani, chokaa, popoo na kipande cha tumbaku ndani ya shavu, na hakutaka kuupoteza ule utamu kwa ajili ya mpita njia.

Duka lake lilikuwa Kariakoo, katika mtaa unaoteremka kuelekea Jangwani. Aliuza kamba, tambi za taa, misumari, na chochote kilichopatikana wiki hiyo. Miaka ile bidhaa hazikuagizwa, zilitokea. Sabuni ilitokea leo, kesho ikawa hadithi. Ukikuta foleni ulijiunga kwanza, ndipo ukamuuliza wa mbele yako inauzwa nini.

Mimi niliacha shule darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Lori la mkonge lilisimama karibu na uwanja wetu wa mpira, nikapanda nione linakwenda wapi. Tangu hapo nilikata mkonge, nikachunga ng'ombe wa watu, nikaosha magari Morogoro, nikalala katika maghala ya pamba, na kila nilipozoea mahali miguu ilianza kuniwasha. Nilikuwa pia na ugonjwa wa kuuliza. Kwa nini misumari huwekwa mafuta? Nani alianza kula popoo? Ami alisema nina maswali kama hakimu asiye na kesi.

Wakati huo mjini walikuwa wakikamata wazururaji na kuwapeleka vijijini kulima. Asubuhi moja msako uliingia mtaani kwetu nikiwa nimesimama dukani bila kazi yoyote. Ami alinitupia fundo la kamba begani. Mgambo akaja, akanitazama, akamtazama yeye.

"Huyu nani?"

"Mpwa wangu."

Mgambo akacheka. Ami alikuwa wa ukoo wa Kiarabu, baba yake alizaliwa ng'ambo, na mimi ni mweusi wa bara. "Mpwa wa upande upi, mzee?"

"Wa mama. Mama yangu Mzaramo. Unataka kumjua na bibi?"

Mgambo akaenda zake. Nikabaki na kamba begani, na tangu siku ile nikawa mpwa. Nilipewa chumba cha uani katika nyumba yake nyuma ya duka, na mkewe, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, akaanza kunipakulia chakula bila kuniuliza kama nimekula.

Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, alikaa kijana aliyefanya kazi katika maabara ya hospitali kubwa. Nyumba nzima ilimwita Mtaalamu, nusu kwa heshima, nusu kwa utani. Alikuwa msafi kupita wote, lakini wanawake wa uani walivuta ndoo zao kando alipopita, kwa kuwa mchana kutwa alishika damu na makohozi ya watu. Vikombe vyake vilikaa peke yake dirishani. Hakulalamika. Alisalimia, akainama kidogo, akapita.

Mimi nilimpenda kwa sababu alinijibu. Nikimuuliza kwa nini damu huganda nje na haigandi ndani, alivuta kigoda akaeleza mpaka nikaelewa, na asichokijua alisema hakijui. Sikuwahi kukutana na mtu wa namna hiyo katika safari zangu zote. Walimu walikuwa wakinijibu kwa fimbo. Madereva walinijibu uongo wa kufupisha njia. Mtaalamu alinipa jibu zima, na mimi nikamwamini kama nilivyoamini kwamba jua litazama upande wa Buguruni.

Uvimbe niliuona Ami alipoinua uso akitawadha. Ulikuwa chini ya taya, upande wa kushoto, mkubwa kama kungumanga.

"Ami, hiyo nini?"

"Tezi."

"Inauma?"

"Haiumi."

"Basi mbona imekaa..."

"Kinachouma ni maswali."

Nikarudi kwenye misumari. Lakini siku chache baadaye nikaona jambo lililonitisha kuliko ile tezi. Ami alikuwa amehamisha tambuu. Mtu aliyeweka tambuu shavu la kushoto tangu ujana wake sasa aliweka kulia, na aliponijibu alinijibu kwa upande nisiouzoea. Nikajua kushoto kuna kitu. Nikamwambia Bi Mkubwa. Alikataa kumpikia mumewe mpaka aende hospitali. Ami alishinda na mkate na chai, kesho yake asubuhi akavaa kanzu, akatuambia mimi na Mtaalamu tumpeleke.

Daktari alikuwa mama wa makamo, aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Alimwamkia Ami shikamoo, Ami akaitikia marahaba mwanangu, na hapo mambo yakawa mepesi. Akamulika kinywani. Akapapasa shingo kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayetafuta sindano ndani ya godoro. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Mzee wangu, ndani ya shavu kuna kidonda. Nataka nikate kipande, kama punje ya mchele, nikaangalie ni nini. Kama ni kile ninachokihofia, bado ni kidogo. Naweza kukitoa chote, pamoja na hiyo tezi, ukaishi. Ukichelewa kitashuka shingoni, na hapo mimi sitakuwa na la kufanya."

Alisema hivyo, wazi, na sote watatu tulisikia. Ami akatikisa kichwa.

"Uvimbe haugusi chuma. Ukiguswa na chuma unakasirika. Kaka yangu alikatwa mgongoni, hakuuona mwezi mwandamo."

Daktari akajaribu tena, Ami akakataa tena, kwa adabu. Ndipo yule mama akataja damu. Alikuwa akikusanya damu ya watu wenye vidonda vya kinywa, koo na shingo. Alieleza kwamba uvimbe mbaya wakati mwingine hudondosha kitu ndani ya damu, na ng'ambo wameanza kujua kukipima. Yeye alitaka kuona kama na huku kwetu kinaonekana.

Ami akageuka mtu mwingine. "Kwa hiyo damu inaweza kusema?"

"Wakati mwingine."

"Basi chukua." Alikuwa amekwisha kunja mkono wa kanzu. "Damu ni yangu, nimezaliwa nayo, haitanisaliti. Ikisema nina ugonjwa, nitakuja mwenyewe na kisu changu nikuwekee mezani. Isiposema, tuachane salama."

Daktari alimtazama, akatazama ule mkono uliokwisha nyooshwa. "Haya, tuanze na damu. Lakini utarudi."

"Ikisema."

Mtaalamu ndiye aliyeivuta. Nikamfuata mpaka mlango wa maabara, akaniruhusu nisimame kizingitini. Aliweka kichupa ndani ya mashine inayozunguka kama pia, na iliposimama damu ya Ami ilikuwa imegawanyika. Chini nyekundu nzito. Juu majimaji ya rangi ya samli iliyoyeyushwa. Sikuwa nimejua kwamba damu ina sehemu isiyo nyekundu.

"Hiyo ya juu ndiyo inayosafiri," Mtaalamu akasema. "Itagandishwa, ipande ndege, ikapimwe huko kwenye vyombo."

Nilirudi nikamweleza Ami kwamba kipande chake kitapanda ndege kabla yake.

"Kikifika kisalimie wazee," akasema.

Tukaanza kungoja. Masika yakaingia, Jangwani ikajaa maji, wateja wakaja wamevua viatu. Kila alasiri Ami alikaa barazani na jirani yake wa ng'ambo ya barabara, mwenye duka kutoka Kilimanjaro ambaye sote tulimwita Mangi. Mtaalamu aliporudi kazini ilikuwa lazima apite mbele yao.

"Damu yangu imefika?"

"Bado, Ami."

"Huenda imepata kazi huko."

"Mimi naona imeshukia njiani, Uarabuni," Mangi alisema. "Imewaona jamaa zake wanakunywa kahawa, ikaomba dereva asimame."

"Ingekuwa ya Mchaga isingeshuka. Ingekuwa imekwisha fungua duka ndani ya ndege."

Walicheka namna hiyo kila siku, lakini niliona macho ya Ami yanavyomfuata Mtaalamu mpaka anapoingia ndani. Na niliona jambo jingine. Watu wa nyumbani walianza kumngoja. Mtu aliyekuwa akivutiwa ndoo kando sasa aliulizwa amelalaje, kwa kuwa habari ya Ami ingepitia kinywani mwake. Bi Mkubwa alimwekea chai, ingawa bado ndani ya kile kikombe chake mwenyewe cha dirishani.

Habari ilikuja alasiri moja yenye jua, baraza ikiwa imejaa. Mangi alikuwapo, na balozi wa nyumba kumi, na wateja wawili watatu waliosikia kwamba kamba za nailoni zimetokea. Mtaalamu alikuja akitembea taratibu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alimwomba Ami waingie ndani.

"Sema hapa hapa," Ami akasema. "Sina siri na hawa."

Mtaalamu akasimama. Alitazama watu, mmoja mmoja, nao wote walikuwa wanamtazama yeye. Sidhani kama aliwahi kutazamwa hivyo maishani.

"Ami, damu yako imerudi," akasema. "Ile alama haimo. Damu ni safi."

Ami aliinuka, akajua kibla bila kugeuka mara mbili, akasujudu pale pale chini, katikati ya makapi ya misumari. Ndani Bi Mkubwa akapiga kigelegele. Mangi akamkumbatia Ami akiwa bado na vumbi kwenye paji la uso, akamwambia kumbe Waarabu nao wana damu safi, yeye alidhani ni ya tende. Mimi nililia. Nilijifanya natafuta nyundo chini ya kaunta mpaka nilipomaliza.

Ami akatangaza kwamba Ijumaa atatoa sadaka ya shukrani, mtaa mzima uje kula.

Mbuzi alipatikana. Mchele ulikuwa shida. Ulipatikana Buguruni, kwa watu wa magendo, na aliyetumwa kuuleta ni mimi, nikauleta chini ya gunia la mkaa, nikisukuma mkokoteni mbele ya mgambo. Sikujali. Nilitwanga bizari, nikamenya vitunguu saumu mpaka vidole vikaniwasha. Watu walikuja baada ya swala, wakakaa juu ya mikeka kuanzia uani mpaka barabarani. Shehe akasoma dua. Mtaalamu, Mkristo wa bara, aliketishwa karibu na shehe, na wale wanawake wa ndoo walimletea maji anawe mikono. Bi Mkubwa alimpa chai ndani ya kikombe cha kabatini kwake, chenye ua jekundu. Nilimwona akikizungusha mkononi kabla hajanywa.

"Ami," Mangi alisema akilamba vidole, "ukitaka kuumwa tena tuambie mapema, nije na njaa."

Watu wakacheka. Ami naye alicheka, kwa upande wa kulia.

Ngozi ya mbuzi ilipakwa chumvi ikatundikwa ukutani uani. Haijakauka vizuri, ile kungumanga ya shingoni kwa Ami ikawa yai.

Kwanza Ami aliacha kofia akaanza kuvaa kilemba, na mkia wa kilemba akauteremsha upande wa kushoto. Kisha maneno yake yakawa mazito, kama ana tambuu hata pale ambapo hana. Bi Mkubwa akawa anachoma udi asubuhi na jioni, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Nilipokuwa peke yangu na Ami dukani nikamwambia turudi kwa daktari.

"Nimekwisha kulisha watu," akasema.

Sikuelewa, akanieleza, kwa mara ya kwanza bila utani. Sadaka ya shukrani hairudishwi. Aliyekula wali wako ni shahidi kwamba Mungu amekupa. Ukisimama tena na kusema una ugonjwa ule ule, ni kama unamwambia Mungu kwamba ulichonipa sikukipata. Na watu wangetafuta sababu. Wangesema sadaka ilikataliwa. Wangekumbuka mchele ulikotoka, kwamba ulikuwa wa magendo, kwamba shehe alisoma dua juu ya haramu. Shehe mwenyewe angeaibika. Mimi niliyeusukuma ningeaibika.

"Lakini uvimbe upo, Ami. Unaonekana."

"Upo. Ila damu ni safi. Watasema ni tezi."

Na kweli ndivyo walivyosema. Mtaa mzima uliona kilemba kikivimba, na mtaa mzima ukasema ni tezi, kwa sababu ulikuwa umekula.

Swali likaanza kunisumbua. Kama damu ni safi, hiki kinachokua ni nini? Swali la namna hii ningempelekea Mtaalamu, lakini siku hizo alikuwa akirudi giza limeingia na kupitia mlango wa uani, na nikimgongea ananiambia amechoka. Kwa hiyo asubuhi moja niliomba ruhusa, nikaenda hospitali kwa miguu, nikakaa kwenye benchi nje ya chumba cha yule mama mpaka wagonjwa wakaisha.

Alinikumbuka kabla sijajitambulisha. "Wewe wa yule mzee wa kamba. Mbona hakuja? Nilimwekea kitanda."

Nikauliza: "Kitanda cha nini, mama? Damu yake si ilikuwa safi?"

"Nani alisema safi?"

Nikamwambia. Alivua miwani, akaiweka mezani, akaongea polepole kama mtu anayepanga vitu ili visianguke. Ile alama, alisema, ikiwepo katika damu inamwongezea shaka. Isipokuwepo haimwambii chochote. Alikuwa na wagonjwa wodini wenye vidonda vya wazi, ambao hata mtoto angejua wanaumwa, na damu yao haina ile alama. Kipimo chenyewe kilikuwa bado cha kujifunza, hakikuwa cha kumwambia mtu nenda nyumbani.

"Nilimwambia kijana wetu hivyo hivyo. Mwambie mzee alama haionekani, na mwambie hiyo haina maana kwamba ni mzima, aje nikate kile kipande wiki hii. Nilimrudia mara mbili. Akasema ameelewa, anakaa naye nyumba moja."

"Alisema nusu ya kwanza."

Yule mama akavaa tena miwani. Nje mtu alikuwa akikokota kitanda cha magurudumu yasiyo na mafuta.

"Siku ile mzee alipotoa sharti lake nilipaswa kulikataa," akasema mwishoni. "Lakini na mimi nilikuwa nataka damu."

Mtaalamu nilimkuta chumbani kwake anakunja mashati. Alikuwa ameomba uhamisho wa mkoani na amekwisha pata. Nilisimama mlangoni, pazia likiwa begani kwangu.

"Ulimwambia Ami nini?"

"Nilichoambiwa."

"Chote?"

Aliendelea kukunja. Alikunja vizuri, mkono juu ya mkono. "Ulimwona alivyosujudu? Ungeweza wewe kumwinua pale chini umwambie subiri, bado nusu?"

"Kesho yake je?"

"Kesho yake mbuzi alikuwa amefungwa uani."

"Baada ya mbuzi?"

"Baada ya mbuzi Bi Mkubwa alinipa kikombe chake." Akaketi kitandani. "Wewe hujui. Wewe umetoka barabarani, muda si mrefu ukaitwa mpwa. Mimi nimelipa kodi humu tangu kabla yako, na wananivutia ndoo. Nilisema nitamwambia wiki ijayo. Nikasema labda na daktari amekosea. Kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana."

"Mimi nilikuwa nakuuliza kila kitu," nikasema. "Hukuwahi kunipa nusu."

"Ulikuwa unauliza habari za damu ya watu usiowajua. Hizo ni rahisi."

Nilitaka kumpiga. Sikumpiga, labda kwa sababu hata siku ile alikuwa amenijibu. Nikaliachia pazia, nikaenda kukaa uani chini ya ile ngozi ya mbuzi, na nikajiona mjinga kuliko nilivyowahi kujiona, mimi niliyejidai hakuna jambo nisilolichungulia. Jambo lilikuwa ndani ya nyumba ninayolala na sikulichungulia.

Asubuhi nilimwambia Ami kabla hatujafungua duka. Alikuwa akitenganisha misumari ya inchi mbili na ya tatu. Nilimwambia yote, ya daktari, ya kitanda, ya nusu ya pili. Nilitegemea akasirike. Nilijiandaa kumzuia asiende kugonga mlango wa chumba cha mbele.

Aliendelea kutenganisha misumari.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Mtu mwenye habari nzima hukutazama machoni. Yule alinitazama shavu."

"Na hukumuuliza?"

"Angenijibu."

Nakumbuka sauti ya misumari ikianguka ndani ya kopo. Nikamwambia nilisukuma mkokoteni kutoka Buguruni, nilimenya vitunguu, nililia chini ya kaunta hii hii.

"Nilikuona," akasema. "Ulikuwa umefurahi. Bi Mkubwa alikuwa amefurahi. Nikasema nyumba na ifurahi, mimi siogopi kufa kama ninavyoogopa chuma."

Nimewahi kuibiwa na watu niliolala nao ghala moja. Niliwahi kuachwa njiani na dereva niliyemsukumia gari. Hayo yaliisha nilipopata usingizi. Hili la Ami halikuisha. Mtaalamu alinificha nusu ya habari, lakini Ami alinificha kwamba ameiona hiyo nusu, akaniacha nimtumaini. Nilimwambia kama mimi ni mpwa wake kweli, atavaa kanzu sasa hivi. Akasema ningoje. Nikaenda kumwambia Bi Mkubwa. Yeye aliketi chini kwenye sakafu ya jiko, akafunika uso kwa upande wa khanga, na hakuuliza nani alijua na nani hakujua. Aliuliza tu kama bado kuna muda.

Muda uliondoka kwa kubishana. Ami alikubali pale aliposhindwa kumeza uji. Alitoka mchana kweupe, baraza imejaa, na mtaa uliokula sadaka yake ukamwona akiingizwa kwenye gari la Mangi. Mangi hakutania. Shehe alikuja akamshika mkono dirishani, akasema Mungu ampe afya, kana kwamba hakuwahi kumshukuru Mungu kwa hiyo afya.

Daktari alimwamkia, akapapasa shingo, kushoto, kisha kulia, kisha chini karibu na mfupa wa kola. Hakumulika kinywa kwa muda mrefu. Akakaa mbele yake kwenye kiti kile kile.

Ami aliingiza mkono mfukoni akatoa kisu cha dukani, kile cha kukatia kamba, akakiweka mezani.

"Niliahidi nitakuja nacho," akasema. Ilibidi nirudie maneno yake ndipo yule mama akaelewa.

Daktari alikisukuma kisu polepole mpaka kikafika upande wetu. Alisema atampa dawa ya maumivu. Kisha, akitazama meza, akauliza kama mzee atakubali kutoa damu tena, kwa ajili ya wale watakaokuja baadaye.

Ami akakunja mkono wa kanzu. "Chukua," akasema. "Ila safari hii usimtume mtu."

Alikufa kabla ya Ramadhani. Mtaalamu alikuwa tayari mkoani. Chumba chake kilipangishwa fundi cherehani, na kile kikombe chenye ua jekundu Bi Mkubwa alikirudisha kabatini, hakukivunja. Aliniambia nikae, duka ni langu kulisimamia kama nataka. Nilikaa mpaka arobaini ikaisha, nikimjibu kila mtu aliyekuja kuuliza kama kamba zipo. Barazani Mangi alikuwa akikaa peke yake upande wetu wa barabara.

Siku niliyofunga mzigo wangu nilipita kwanza hospitali. Nilikuwa na swali, na sikuwa na mtu mwingine wa kumpelekea. Yule mama alinikaribisha ndani, akafunga mlango. Nikamuuliza kama ile damu ya mwisho imerudi.

Alisema imerudi. Nikamwomba aniambie yote, mwanzo mpaka mwisho, asinikatie.

"Hakuna mwanzo wala mwisho," akasema. "Wameipima mara mbili. Alama haimo."